Kifungo cha Kanzu

Aibu ya mwanamume, jamani, haina dawa hospitali. Ridha, koplo mstaafu aliyerudi Pemba na vidole visivyokunjika tangu bomu limlipukie Kongo, alikaa mbele ya bodi ya madaktari, ukumbini kwenye uwanja wa mpira wa Gombani, kanzu nyeupe pe, kofia ya viua, ananukia udi. Mama yake, Bi Kazija, ndiye aliyemvisha, na magoti yake yale mabovu. Leo bodi inaamua kama Ridha atapewa posho ya msaidizi, mama naye apumzike.

Lakini benchi la nyuma alikaa Khairiya, buibui jeusi na mtandio wa zambarau, kamleta baba yake, askari mstaafu naye. Yeye na Ridha walijuana hapo hapo kwenye foleni mwezi uliopita, na tangu siku ile simu hazikupoa. Habari ya vidole Ridha hakuitaja hata mara moja.

Daktari mkuu akamuuliza hali. "Sijambo, alhamdulillahi." Kwani Pemba nani hujibu vingine? Unavaa mwenyewe? Naam. Unakula mwenyewe? Naam. Bi Kazija akainamisha kichwa. Daktari akaanza kuandika kuwa hahitaji msaidizi.

Khairiya akasimama. "Daktari, mwambie afungue kifungo cha kanzu. Kimoja tu."

Ridha alihangaika na kifungo mara tatu, jasho linamtoka, kisha akainuka akatoka nje. Mama akamfuata.

Simu ya Ridha ikalia mkobani mwa Bi Kazija. Akamwekea mwanawe sikioni.

"Umeniaibisha mbele za watu, Khairiya."

"Nimekuaibisha, nisamehe. Siku ya kwanza kalamu ilikuponyoka, ukasema iache, haina wino. Nilijua, mpenzi. Mwezi mzima nangoja uniambie."

"Ulijua, na ukabaki?"

"Sikukupendea vidole. Ila mama yako namwonea huruma. Daktari anafunga mafaili adhuhuri, anarudi Unguja."

Bi Kazija, aliyesikia kila neno, alijitia kutazama ukuta wa uwanja wa mpira.

Ridha akarudi ndani, akasimama mbele ya bodi. "Nilisema uongo, daktari. Kuvaa, kula, kuoga, yote hunifanyia mama. Sijiwezi."

Daktari akafuta, akaandika upya. Akauliza, mama akichoka, atakayemhudumia ni nani? Ridha akageuka. Khairiya hakuinamisha macho.

"Hapo paache wazi, jina nitalituma Ijumaa," Ridha akasema. "Posa bado haijapelekwa."

Baba yake Khairiya akakohoa. "Ijumaa sipo," akasema. "Njooni Alhamisi."