Kilomita Elfu Saba kwa Dakika Arobaini

"Kilomita elfu saba na mia mbili zinaishaje kwa dakika arobaini?"

Niliuliza sebuleni kwetu, mchana kweupe. Mama alikuwa ameshika simu, machozi ya furaha yanamtoka.

Asubuhi ile tulikuwa tumemsindikiza dada uwanja wa ndege. Amepata kazi ya uuguzi, mbali. Ndege iliruka saa tatu kamili. Tiketi nilimkatia mimi, kwa hiyo sihitaji kuambiwa: saa tisa angani, kutua saa kumi na mbili jioni, saa za kwetu.

Sasa, Mama ana kawaida yake. Msafiri akipiga kusema "nimefika," lazima aliye nyumbani amjibu, "Umefika." Bila hilo, kwa Mama, mtu bado yuko njiani hata kama ameshavua viatu.

Saa tatu na dakika arobaini, simu ikaita. Namba ya dada.

"Mama, nimefika."

Sauti ni yake. Na kikohozi chake kile, mwisho wa maneno. Lakini nyuma yake hakukuwa na kitu... si tangazo, si gurudumu la sanduku.

Mama akafungua mdomo. Nikampokonya simu.

"We hata na redio utabishana," akanong'ona. "Mwache dada yako apumzike."

"Subiri kidogo, Mama." Nikaweka simu sikioni. "Umefika wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni wapi?"

"Mdogo wangu, sema nimefika. Nasikia baridi."

Harufu ikanijia. Vumbi lililolowa... na nywele zilizoungua. Ilikuwa inatoka kwenye simu.

"Ndege haijamaliza hata sehemu moja ya kumi ya safari," nikasema.

"Kwetu njia ni fupi."

"Kwenu na nani?"



Kisha sauti ikabadilika. Ikawa ya Mama.

Na Mama mwenyewe alikuwa mbele yangu, mkono mdomoni.

"Sema."

Nimesimama kwenye midahalo chuoni nikazomewa na ukumbi mzima. Nimeambiwa msichana mwenye mdomo kama wangu haolewi. Basi mdomo huohuo nikaufunga. Simu sikuikata, niliogopa itampigia shangazi, naye aseme "Umefika." Nikaichomeka kwenye chaji, nikakaa nayo sikioni mchana kutwa. Iliomba. Ililia. Ilinitukana kwa sauti yangu mwenyewe.

Sikusema.

Jua lilipokuwa linazama, ikanong'ona, "Nitampigia mwingine. Wanaosubiri ni wengi."

Ikakatika.

Saa kumi na mbili na robo, namba ya dada tena. Safari hii masanduku yanaburutwa, mtoto analia, mtu anatangaza. Mama akanitazama kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Umefika, mwanangu."

Nikamuuliza dada kuhusu simu. Akasema aliizima tangu kupanda.

"Ila kuna mama kiti cha pembeni alinichosha. Hatujamaliza saa angani, akaanza: 'Mbona mdogo wako hataki kusema?' Hivyo hivyo mpaka tunatua."

"Yuko wapi sasa?"

Dada akamuuliza mhudumu wa ndege aliyekuwa akipita. Nikasikia anakohoa.

"Mhudumu anasema kiti kile hakikuwa na mtu."

Nimeshauriwa nisiyaandike haya. Nimeyaandika. Na wewe mwenye mtu wako angani leo, simu ikiita mapema, piga hesabu ya saa kwanza. Tafadhali, usimwambie amefika.