Kitufe Alichokiona Bibi

Kwa maneno ya fundi cherehani wa nyumba ya pili, jana mambo yalikuwa hivi: Bibi alikaa mlangoni na simu mkononi, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba sukari, akafuta miadi yake ya upasuaji wa macho, kisha akashusha pumzi. "Anaogopa kisu yule. Nilikuwa palepale, nikamwona," fundi alimaliza, akakinga ndoo yake.

Kiduchu aliyasikia hayo bombani, asubuhi, akingoja zamu yake ya maji kabla ya kwenda shule. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Ndiye aliyekuwa akimshika Bibi mkono kila walipovuka barabara, na alijua jinsi bibi yake alivyoingoja siku hii. Miadi ilikuwa ya leo alasiri. Jioni daktari wa macho anaondoka, na haikujulikana angerudi lini.

Akabeba ndoo mbiombio, maji yakamlowesha sare.

"Bibi, umefuta miadi?"

"Nifute nini, mjukuu wangu? Jana simu iliniuliza kama nitakwenda, nami nikakubali."

Dada mkubwa wa Kiduchu alikuwa akifunga viatu aende kazini. Ndiye aliyetengeneza tovuti ya kliniki ya macho, na nyumba nzima ilimwonea fahari. Akaichukua simu ya Bibi, akaitazama, uso ukambadilika.

"Imefutwa. Tena ukurasa huuliza mara mbili. Mara zote mbili umesema hutaki, Bibi."

"Basi ukurasa wako ni kiziwi."

"Nimeujaribu na wafanyakazi wote wa kliniki, hakuna aliyekosea hata mmoja. Kama unaogopa, sema tu, tusizungushane."

Bibi alivuta khanga yake begani, akageukia ukuta. Kiduchu aliwatazama wote wawili. Akisema neno atakuwa amemvunjia dada yake heshima. Asiposema, Bibi atabaki na giza lake.

"Dada, mpe ukurasa wa majaribio afanye tena mbele yetu," alisema. "Sisi tukae kimya. Usimsaidie."

"Nitachelewa."

"Mara moja tu, dada yangu."

Bibi akaipeleka simu mlangoni kwenye mwanga. Akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaiinamisha. Kidole kikabaki hewani, kikitafuta. Dada akafungua mdomo. Kiduchu akamkanyaga mguu. Kidole kikapita juu ya neno "Nitakuja", lililoandikwa kwa kijivu hafifu juu ya weupe, rangi ambazo Dada alizichagua kwa sababu zinapendeza. Hakikusimama hapo. Kikateremka mpaka kwenye kitufe chekundu, kikabonyeza: "Futa". Swali la pili likatokea. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye wekundu.

"Bibi," Dada aliuliza, sauti imemshuka, "kwa nini umebonyeza hapo?"

"Kwani kuna pengine?"

Dada akakaa kitandani. Wote aliowapa ule ukurasa waujaribu walikuwa na macho mazima. Ulikuwa ukurasa wa wagonjwa wa macho, na hakuna mgonjwa wa macho aliyewahi kuushika kabla haujaanza kutumika.

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe njiani. Nipe viatu."

Kiduchu aliombewa ruhusa shuleni ili amwongoze Bibi. Walipofika kliniki, Dada alibadilisha ukurasa: maandishi meusi, makubwa, na vitufe viwili vyenye ukubwa sawa, kimoja juu, kingine chini kabisa. Safari hii hakujiamini. Aliwapa simu wagonjwa waliokaa kwenye benchi, akatulia kando na Kiduchu bila kusema kitu. Dereva mmoja mstaafu alibonyeza vizuri, lakini akaendelea kubonyeza kila mahali mpaka akafuta.

"Mlango ukifungwa unasikia," alilalamika. "Hii imenyamaza tu, nitajuaje kama imenielewa?"

Dada akaongeza sauti ya kusema, "Tumepokea, karibu." Wakajaribu tena na tena, mpaka benchi lote likapita bila mtu kukosea.

Muuguzi mkuu alikuwa amefungua kompyuta yake. Nafasi ya Bibi ilikuwa bado haijachukuliwa, kwa kuwa ilifutwa jana tu. Lakini wiki hiyo kulikuwa na wengine waliofuta, na nafasi zao zilishapewa watu. Akawapigia simu hao waliofuta, mmojammoja. Kila mmoja alishangaa, akasema alikubali kuja. Alasiri wakawa wameketi ukumbini, pamoja na ndugu zao waliowashika mikono.

"Tuliwaita waoga," muuguzi alimwambia Dada, na Kiduchu akasikia. "Hata mimi niliwaita hivyo. Ukimtengenezea mtu kitu, kaa naye akikitumia. Funga mdomo, tazama anakwama wapi. Akikosea, anza kukagua kazi yako kabla hujamkagua yeye. Na wewe mdogo, umefanya vyema kumtetea bibi yako kwa kumwangalia, si kwa kupiga kelele."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa. Daktari akamwita Bibi kwa upole. Bibi akainuka, mkono begani kwa Kiduchu, lakini alipofika mlangoni akasimama.

"Daktari, nasikia unaondoka jioni."

"Ndiyo, mama. Gari linanisubiri."

"Wenzangu hawa walikubali kama mimi, simu ikaandika wamekataa. Nakuomba ulale leo, uwafanyie kesho."

Daktari alitazama ukumbini. Nyuso zote zilikuwa zimegeukia upande ilikotoka sauti yake. Kiduchu alihisi vidole vya Bibi vikimbana bega. Daktari alikuwa bado ameshika kitasa, akiwahesabu wagonjwa mmojammoja.