Masikio ya Hodari

Kila Jumamosi, akishateka maji na kuokota kuni, Rahabu alikuwa na kazi moja zaidi: kusafisha masikio ya mbwa wao, Hodari. Mama yake, Secilia, alimfundisha kuchemsha maji, kutia chumvi kidogo, kuyaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha kufuta kwa kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni.

"Kidole kinapoishia, nawe ishia hapo," Mama alimwonya.

Hodari alilinda mahindi ya shamba la kijiji, kwenye ukingo wa msitu wa Magamba. Kila jioni alirudi amelowa, masikio yamejaa matope na kupe.

Masika ya mwaka 1975 ukungu haukuondoka, na masikio ya Hodari yakaanza kunuka. Rahabu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akaona kinyaa. Jumamosi moja akaiacha kazi, akaenda kucheza mdako. Jumamosi ya pili akaiacha tena, na ya tatu vilevile.

"Umemsafisha mbwa?" Mama aliuliza kila mara.

"Tayari, Mama."

Jumamosi ya nne Hodari alikuwa akitikisa kichwa bila kupumzika. Sikio la kushoto lilitoka usaha. Rahabu aliogopa uongo wake usije ukajulikana. Akazungusha pamba kwenye kijiti, akakisukuma ndani kabisa ya sikio. Hodari alilia kilio ambacho Rahabu hakuwahi kukisikia, akaponyoka na kujificha chini ya ghala. Hakumng'ata. Baadaye Rahabu aliona afadhali angemng'ata.

Siku tatu baadaye, mchana, nyani walishuka kutoka msituni. Hodari alikuwa amelala shambani, kichwa kimeinama upande, wala hakusikia kitu. Watu walipofika, robo ya shamba ilikuwa imelazwa chini na mahindi mabichi yametafunwa na kutupwa. Walisimama kwenye manyunyu wakiitazama hasara.

Mwishowe balozi wa nyumba kumi, Mzee Danieli, alimgeukia baba yake Rahabu. "Silvano, mbwa asiyesikia ni wa nini? Kesho mgambo atakuja na bunduki."

"Sawa, Mzee," Baba alijibu, macho chini.

Asubuhi mgambo alipofika na Mzee Danieli, Hodari alikuwa tayari amefungwa kamba. Rahabu akaenda kusimama mbele ya mbwa.

"Shikamoo, babu," alimwamkia Mzee Danieli.

"Marahaba. Ondoka hapo, mjukuu wangu."

"Kosa si la Hodari. Ni langu." Akaeleza yote: zile Jumamosi, uongo, na kile kijiti. Mama alijifunika uso kwa khanga.

Baba akaishika kamba ya Hodari. "Mzee," alisema, "naomba kwanza nimpeleke mbwa kwa Bwana Mifugo, akatibiwe."

Mzee Danieli akakubali. Baba na Rahabu wakateremka na mbwa hadi mjini Lushoto kwenye mvua. Hodari alipepesuka, kwa hiyo Baba akambeba mabegani.

Bwana Mifugo, jina lake Mussa, aliyaosha masikio yale taratibu, akamulika ndani kwa tochi. "La kulia litapona kwa dawa," alisema. "La kushoto, ngoma yake imetobolewa na kuoza. Halitasikia tena."

Rahabu alilia pale pale.

Wiki mbili alimtia Hodari dawa asubuhi na jioni, na sikio la kulia likapona. Mzee Danieli akaruhusu mbwa abaki, kwa sharti kwamba Rahabu alinde pamoja naye kila atokapo shule. Familia ya Rahabu ikapanda maharage pale mahindi yalipoharibiwa.

Siku waliyomaliza kupanda, Baba aliketi kando ya Rahabu kwenye tuta.

"Uvivu wako ulimletea ugonjwa," alisema, "na ugonjwa ule ungetibika. Lakini uongo ndio uliokufanya ushike kijiti. Ungesema ukweli Jumamosi ile ya kwanza, ningekukemea, basi. Kukemewa kunapita, mwanangu. Sikio la yule mbwa halirudi."

"Nimeelewa, Baba," Rahabu alijibu kwa sauti ndogo.