Mfuko wa Tatu wa Mchanga

Alhamisi, saa tisa alasiri

Katika chumba cha nyuma cha gereji, Burl Tackett alichora ramani kwa chaki juu ya sakafu iliyolowa mafuta. Mstari mmoja ulikuwa barabara ya bondeni. Wa pili ulikuwa reli ya makaa ya mawe. Mahali mistari hiyo ilipokatana, kwenye kona, alitia alama.

"Kesho mgodini wanalipa mshahara," alisema. "Mimi na Delmar tunaingia ofisini. Clete anabaki kwenye usukani. Bastola tunayo moja tu, inatosha. Tukiipita kona hii kwa maili tisini kwa saa, askari hawatuoni tena, milima yote ya Kentucky ni yetu. Tukipunguza mwendo, wanatufungia barabara mbele."

"Kwa gari hili?" Clete Ratliff alicheka. "Bosi, kwenye mnyooko ni risasi. Kwenye kona ni ng'ombe mlevi."

"Lilikuwa," akajibu Delmar Stiltner kutoka chini ya gari.

Lilikuwa gari la mwaka 1969, injini ya silinda nane, pua nzito kuliko mkia. Delmar alikuwa ameng'oa boksi la usukani lililolegea, akafunga lingine linalotii papo hapo. Alikuwa ameshusha kimo cha gari, akatia shokamzoba ngumu, na mbele akafunga ufito mnene wa chuma ili bodi lisilale kwenye kona. Kazi iliyobaki ilikuwa kusawazisha uzito. Kila gurudumu alilipandisha juu ya mzani wake, na juu ya kila kiti akaweka mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtu atakayekikalia. Ndivyo alivyofundishwa kwenye mashindano ya viwanja vya udongo: gari hupangwa pamoja na watu wake.

Burl aliitazama mifuko. "Ule wa nyuma wa nani?"

"Wangu."

"Utoe. Panga kwa miwili ya mbele."

Delmar alijifuta mikono taratibu. "Na mimi nitakaa wapi, bosi? Juu ya paa?"

"Utani wako huo! Nasema tu uzito unakula mwendo."

Delmar alimgeukia Clete, mume wa dada yake. Clete alikuwa akiikagua kofia yake kana kwamba ameiokota njiani.

Delmar aliutoa mfuko. Walipoondoka, aliurudisha, kisha akakaza springi za nyuma kwa uzito wa watu watatu. Angeweza kujitoa, na ingekuwa heri kwake. Lakini alitaka kujua kama ana shemeji au hana.

Ijumaa, saa mbili asubuhi

Opal aliwapakulia mumewe na kaka yake maharage na mkate wa mahindi, akaenda kuanika nguo. Delmar aliinama juu ya sahani.

"Shemeji, nisikilize. Springi za nyuma zinanihesabu na mimi. Nikiwemo, utaipita kona ya reli kwa tisini. Nisipokuwemo, mkia utaruka juu ya reli na hutaushika tena. Umenielewa?"

"Kwani wewe utakuwa wapi?" Clete aliuliza, akipaka siagi mkate uliokwisha pakwa.

Saa nne na nusu

Katika ofisi ya mgodi, makarani wawili walielekezwa ukutani. Burl alibeba fedha zote mwenyewe. Bastola akamkabidhi Delmar mkononi.

"Walinde. Nikipiga honi, utoke."

Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikanguruma. Honi haikulia.

"Wamekuacha, kijana," alisema karani mmoja bila kugeuka.

"Najua. Kaa kimya."

Delmar alitega sikio. Aliufuata mngurumo ukiteremka bonde, akingoja Clete aondoe mguu kwenye pedali ya mafuta. *Punguza, shemeji. Punguza.* Mngurumo haukupungua. Ulipanda, ukapanda, kisha matairi yakapiga ukelele mrefu. Baada ya hapo alisikia ndege tu.

Aliiweka bastola mezani, akakaa chini, akawangoja askari.

Saa tano na robo

Gari la askari lililombeba Delmar akiwa na pingu lilisimama kwenye kona. Burl alikuwa amelala kando ya reli, amefunikwa blanketi. Clete alikuwa ameketi kwenye majani, mguu umepinda pasipopinda mguu. Alipomwona Delmar dirishani alianza kulia.

"Sikutaka kukuacha, shemeji! Nilitaka kupunguza, Mungu shahidi yangu! Burl alinishikia bastola ubavuni!"

Askari waligeuka kumtazama Delmar. Naye alimtazama Clete kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma uzito kwenye mzani.

"Bastola nilikuwa nayo mimi, shemeji," akasema.