Tani Kumi na Nne za Sambhar

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya chumvi ya Sambhar, India. Balkar Singh, dereva ambaye tumbo lake hufika mwisho wa safari kabla yake, aliikodolea macho simu yake. Kesho binti yake Jasleen anaolewa huko kwao Moga, na tajiri mwenye lori hataki kusikia habari ya gari kurudi tupu. Mzigo, jamani! Hata wa mawe!

Simu ikalia. Soko la mizigo la simuni limejibu: chumvi, tani kumi na nne, kutoka ghala la zamani hapo Sambhar hadi Moga.

Balkar akabonyeza KUBALI kwa kidole chenye mafuta ya chapati. Kisha akafanya ujanja wa madereva wote, ili wenzake wasimpore tenda: akabonyeza MZIGO UMEPAKIWA kabla hata ya kuwasha injini.

Ghalani hapakuwa na mtu. Mlango umeliwa na kutu. Ndani giza na popo.

"Wenyewe!" aliita. "Au chumvi hii inajipakia?"

Nyuma yake springi za lori zikalia. Kriii... kriii...

Akageuka. Bodi ya lori ilikuwa tupu.

Lakini matairi yalikuwa yamebonyea.

Aliondoka hapo mbio, kama lori linalotambaa linaweza kuitwa mbio. Kwenye mizani ya barabarani, Bhanwarlal mpimaji alimsimamisha.

"Sardarji," akamwita kama Masingasinga waitwavyo, "umebeba nini?"

"Hewa, kaka. Na tumbo langu."

Bhanwarlal hakucheka. "Basi tumbo lako lina tani kumi na nne."

Akamulika bodi kwa tochi. Tupu. Harufu ya nguo mbichi na chumvi ikawapanda puani. Ndimu na pilipili ambazo Balkar alizitundika mbele asubuhi ile kufukuza kijicho zilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Umetoka ghala lile?" Bhanwarlal alinong'ona. "Mwaka wa mafuriko wapakiaji walifia mle ndani, wakisubiri lori. Sikiliza. Asiupokee mtu mzigo huo. Akishaupokea..." Akamulika tena bodi tupu. "Mpokeaji ni nani?"

Balkar hakuwa amesoma jina la mpokeaji. Dereva gani husoma? Akafungua simu.

Mpokeaji: Jasleen Kaur.

Hapohapo simu ikaita. Ni Jasleen, anacheka, nyuma yake ngoma za harusi zinarindima.

"Baba, wewe na mizaha yako! Naulizwa kwenye simu kama nimepokea mzigo wako. Ndiyo zawadi uliyonificha?"

"Usibonyeze! Mwanangu, nakuomba, usi..."

"Mbona nimeshabonyeza?"

Kriii...

Lori likainuka taratibu, springi moja baada ya nyingine. Namba za mizani zikashuka, zikashuka, hadi uzito wa gari tupu.

Kwenye simu, ngoma zikanyamaza.

"Baba," Jasleen alinong'ona, "hawa wapakiaji uliowatuma... mbona wote wamelowa?"