Senti na Sarafu ya Upinde

Kila siku akitoka shule, kabla hata soksi hazijapata mahali pa kulala, Senti alikuwa na kazi yake: kushika ubao mweupe. Shangazi yake alikuwa mpiga picha wa bidhaa. Watu walimletea viatu, vikombe, saa na mikoba, naye akavipiga picha ili vikauzwe mtandaoni. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza moja, taa mbili na dirisha pana. Senti alisimama upande wenye kivuli, akiinamisha ubao ili mwanga wa dirishani uangukie kile kilichokuwa mezani.

"Inua kidogo. Usitetemeke, kwani wewe jani?"

"Mkono umekufa ganzi, shangazi."

"Ganzi nayo ni mshahara. Inua."

Shangazi alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja. Picha ya kwanza ya kila kitu aliipiga kitu hicho kikiwa kando ya karatasi nyeupe tupu. Siku hiyo mwenye mkoba mwekundu alilalamika.

"Karatasi ya nini, dada? Mimi nauza mkoba."

"Mnunuzi akiiona karatasi ni nyeupe, atajua na huo wekundu ni wa kweli," shangazi alimjibu. "Karatasi ikigeuka rangi, basi na mkoba unamdanganya."

Yule bwana aliubeba mkoba wake akaenda kwingine. Shangazi akaendelea kupangusa kamera yake kana kwamba aliyetoka ni upepo. Senti aliona aibu kidogo. Moyoni alifikiri shangazi yake anawafukuza wateja kwa kipande cha karatasi.

Jina lake la kwenye rejista lilijulikana kwa walimu tu. Wengine wote walimwita Senti kwa sababu ya kupenda sarafu kuukuu. Shuleni alikuwa katika chama cha wakusanya sarafu, na maonyesho ya shule yalikuwa yanakaribia. Mwalimu wa historia, mlezi wa chama, aliwahi kuwaeleza habari iliyowafanya watoe macho.

"Sarafu ya fedha ikikaa miaka mingi ndani ya bahasha au kijaluba, hewa huipaka rangi. Huanza na manjano kama asali, ikaja zambarau, ikaja buluu. Nyingine huwa kama upinde wa mvua. Ni adimu, na ole wake atakayeisugua."

Tangu siku hiyo wanachama hawakutaka kitu kingine. Walichora kadi, wakaziuza, wakaweka akiba. Ilipofika siku ya kuchagua mnunuzi, Mwalimu alisema, "Atumwe Senti. Macho ya huyu mtoto hayapitwi na kitu." Wote wakainua mikono. Senti alirudi nyumbani amenyoosha shingo kama twiga, na siku ile hata ubao haukuwa mzito.

Haikuchukua muda akaipata. Katika simu ya shangazi, kwenye ukurasa wa muuzaji mmoja wa mbali, ilikuwepo sarafu ya fedha imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Uso wake uliwaka buluu, zambarau na waridi, na ukingoni ulizungukwa na dhahabu. Senti alishika kifua.

Asubuhi aliwaeleza wenzake. Domo, mvulana aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, aliitangaza habari hiyo darasani kabla ya kengele. Kufikia saa ya chakula shule nzima ilijua kwamba chama cha sarafu kinaleta upinde wa mvua.

"Usituangushe, Senti," Domo alimwambia. "Nimeshawaambia hadi darasa la saba. Tukikosa, mimi nahama shule."

Jioni hiyo muuzaji aliandika: "Kuna wengine wawili wanaitaka. Lipa leo kabla jua halijazama. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Senti alimpelekea shangazi simu. "Nilipe?"

"Pesa ni zenu, kidole ni chako," shangazi alisema, akaendelea kufungasha vikombe. "Mimi sikuchaguliwa na chama."

Senti akakaa chini ya dirisha, akazikuza picha moja baada ya nyingine. Alitaka tu kuyashibisha macho kabla ya kulipa. Lakini mtu aliyezoea kushika ubao mweupe kila siku huwa hawezi kuutazama weupe akaupita. Kile kitambaa hakikuwa cheupe. Upande wa kushoto kilikuwa na zambarau, upande wa kulia kilikuwa na waridi, na hata kivuli cha sarafu kilikuwa cha buluu. Alipepesa macho akatazama tena. Zambarau haikuondoka.

Alitamani asingeiona. Akaweka kidole juu ya kitufe cha kulipia. Akaona sura ya Domo, akasikia shule nzima ikicheka. Halafu akaona ile mikono iliyoinuliwa darasani. Akakiondoa kidole, akaandika: "Shikamoo. Naomba picha moja tu ya sarafu ikiwa dirishani, kando ya karatasi nyeupe."

Jibu lilikuja upesi. "Picha tano hazikutoshi? Wewe mnunuzi au askari? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lipa."

Senti akamsomea shangazi. Shangazi alicheka hadi akaketi.

"Ana methali nyingi, huyo. Ila methali si risiti, mwanangu."

"Na kama ni ya kweli, shangazi? Kama ni picha tu mbaya?"

"Inawezekana. Kwa hiyo?"

Senti aliitazama tena ile picha. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo picha moja isingemshinda."

Jua likazama. Chini ya sarafu pakaandikwa: imeuzwa. Senti akamrudishia shangazi simu, akaenda kitandani.

Kesho yake alisimama mbele ya chama mikono mitupu. "Sikununua," alisema.

"Nilijua!" Domo alipiga dawati. "Tumemtuma mshika ubao, katuletea ubao. Sasa mimi nitapita wapi?"

Wengine walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Senti alihisi masikio yakiwaka moto. Alikuwa ameiazima simu ya shangazi kwa siku hiyo, na Mwalimu akamruhusu kuiwasha. Senti akachana karatasi kutoka kwenye daftari, akaiweka kando ya kioo cha simu.

"Tazameni kitambaa, msitazame sarafu," alisema. "Muuzaji anasema ni cheupe. Kama kitambaa kimepakwa zambarau ndani ya picha, tutajuaje rangi ya sarafu? Nilimwomba picha nyingine, akanifukuza. Pesa si zangu peke yangu. Nikaogopa."

Wakainamisha vichwa juu ya simu. Aliyeinua kichwa kwanza ni Domo.

"Jamani, hata kivuli kimepakwa rangi. Kivuli cha buluu nani amewahi kukiona?" Akakuna kichwa. "Senti, nisamehe. Ila shule bado nahama."

Safari hii wote walicheka vizuri.

Waliendelea kutafuta, na kila muuzaji waliyemwandikia walimwomba picha ile ile. Wengi hawakujibu. Mama mmoja, mrithi wa sarafu za baba yake, alituma siku hiyo hiyo: karatasi nyeupe pepepe, na kando yake sarafu ya kijivu yenye utepe mwembamba wa asali na buluu ukingoni. Aliongeza picha ya mkwaruzo mdogo ambao hakuna aliyemuuliza. Chama kizima kilipiga kura, na Senti akalipa.

Siku ya maonyesho sarafu hiyo iliwekwa ndani ya kikasha cha kioo karibu na dirisha. Ukiitazama wima, ilikuwa ya kijivu. Senti alipoinamisha kikasha taratibu, mwanga ulipita ukingoni na ile buluu ikaamka kama povu la sabuni. Watu walipanga foleni. Domo ndiye aliyewaita, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulipata kazi ya maana.

Shangazi alikuja amevaa nguo yake nzuri. Mwalimu alimsalimu, kisha akawageukia wanachama.

"Sarafu ni nzuri, lakini leo najivunia zaidi macho yaliyoichagua," alisema. "Ukitumwa na wenzako, hupewi pesa tu, unapewa na imani yao. Usiifumbie macho kwa kuogopa kuchekwa. Uliza. Mwenye kitu cha kweli haogopi kuulizwa, na mwenye kukuharakisha mpe nafasi apite."

Shangazi alimwekea Senti mkono begani, akauacha hapo, na Senti akainamisha tena kikasha ili mgeni aliyefuata aone.