Hodi Kwenye Bomba la Hewa

Jioni ile Fundi Hewa alitamani mama mkwe amwombe kitu kingine chochote. Angemwomba figo, angempa. Lakini mama wa watu alikuwa amesafiri siku nzima kwenye lori la dizeli, kafika mgodini ana vumbi mpaka kwenye kope, na ombi lake lilikuwa dogo tu.

"Baba, nionyeshe hiyo mashine iliyokuwa inampa mwanangu pumzi."

Utamkataliaje mtu kama huyo? Jua lilikuwa linazama, na saa ya kuwasha taa za kambi ilikuwa imefika. Wakaongozana mpaka kwenye kibanda cha mabati.

Huko porini nguzo za umeme hazijafika, na sijui kama zitafika. Jenereta moja kongwe ndiyo ilibeba kila kitu: taa za kambi, televisheni ya bosi, na kompresa, ile mashine inayosukuma hewa kwenye bomba la chuma mpaka chini shimoni. Hewa hiyo ndiyo inaendesha vyombo vya kutoboa mwamba, na baruti ikishalipuliwa ndiyo inafukuza moshi ili watu wasife. Ila jenereta haikuweza kubeba kompresa na kambi kwa pamoja. Basi kila jioni hewa ilizimwa ndipo taa zikawashwa.

"Na mkizima, mnajuaje kama hakuna mtu chini?" mama aliuliza.

Lo! Swali lenyewe hilo.

"Tunabisha hodi, mama." Akaokota spana, akamwonyesha bila kuligusa bomba. "Unagonga mara tatu, unasikiliza. Aliye chini anagonga kujibu. Pakiwa kimya, unazima."

"Siku ile ulibisha?"

"Nilibisha, mama. Kulikuwa kimya."

Uongo! Uongo mtupu, wa macho makavu. Siku ile kulikuwa na fainali ya mpira, kambi nzima inapiga kelele wanataka umeme, na yeye mwenyewe roho juu asije akakosa kipindi cha kwanza. Alizima kompresa bila hata kuishika spana. Shemeji yake, mdogo wa mke wake, alikuwa amebaki chini peke yake, ndiyo kwanza amelipua baruti. Huku juu watu wanashangilia bao, kule chini mtu anatafuta pumzi. Moshi ukamla. Tangu hapo Fundi anakula hashibi, analala hapumziki. Mkewe akimlilia mdogo wake, yeye ndiye anayembembeleza, na kila chozi linamchoma, maana anajua siku ukweli ukitoka ndoa itakuwa imekwisha.

Leo hapakuwa na mtu shimoni. Ilikuwa siku ya mapumziko, kompresa haijaguswa tangu jana. Fundi akainama kuwasha jenereta.

Ngo.

Akaganda.

Ngo... ngo...

"Kuna watu chini?" mama mkwe alinong'ona.

"Hakuna, mama. Ni chuma tu. Jua likizama kinapoa, kinalia."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye geji ya hewa. Mshale uliolala kwenye sifuri tangu jana ulikuwa unapanda. Ukapanda kidogo, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Taratibu, kama kifua cha mtu aliyesinzia. Harufu ya moshi wa baruti ikajaa kibandani, ile harufu kali inayokwama kooni.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Anabisha," mama alisema. "Mbona humjibu?"

"Usiishike hiyo spana, mama! Nakuomba. Nakupigia magoti."

Na kweli magoti yalishafika chini. Mama alikuwa ameshaiokota.

"Mwanangu tangu mdogo hakuingia mahali bila hodi," alisema. "Na mimi sijawahi kumwacha mlangoni."

Akagonga.

Kimya...

Kisha koki ya bomba ikaanza kupuliza. Fsss... Mama akapiga magoti, akaweka sikio. Fundi alisikia upepo tu, ila kila baada ya muda ndani ya upepo ule kulikuwa na kitu kinachotaka kuwa sauti. She... me... ji... Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maagizo. Midomo yake ikajibu, kwa kunong'ona. Giza likaingia kibandani. Kambini watu wakaanza kuita, "Fundi! Umeme, Fundi!"

Moyo ukamshinda.

"Sikubisha, mama! Sikubisha. Nilikimbilia mpira. Mimi ndiye nimemuua mwanao... nisamehe."

Mama hakushtuka.

"Najua. Nilijua palepale msibani. Uliapa kabla hujaulizwa. Mtu asiye na kosa ana haraka gani ya kuapa?"

Fundi akainua uso. "Kwa hiyo... si yeye aliyekwambia? Bomba halikusema kitu?"

"Limesema. Ila hilo hakuligusia. Hana hata kinyongo, masikini wa Mungu. Amechoka tu. Anauliza ni nani anakuja kumpokea zamu."

Mshale bado unapanda. Unashuka.

"Na wewe... umemjibu nini?"

Mama akainuka, akajifunga vizuri kitenge chake, akapangusa grisi sikioni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti ilikuwa ileile ya upole aliyokuwa nayo siku alipomkabidhi binti yake.

"Nimemtajia jina lako, baba."

Akatoka, hakugeuka nyuma. Kule kambini walikuwa wameanza kuzomea, wanataka taa. Kwenye geji, mshale ulikuwa umetulia.

Fundi Hewa akafungua mdomo ili amwite arudi. Akavuta pumzi. Ikaingia nusu, ikakwama.